Mgonjwa anatembelewa kila wiki. Anayemuuguza je?

Binti wa Mbagala (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Naomba tuongee jambo ambalo nimekaa nalo moyoni muda mrefu. Nawaomba hasa ninyi mnaotoka kwenye jumuiya, misikiti, kwaya, vikundi vya kina mama, popote mnapojitolea kwenda kuwaona wagonjwa majumbani.

Nilimuuguza mama yangu miaka 2 na miezi 4. Kiharusi. Upande wa kulia ulikufa wote na maneno yakampotea, akabakiwa na "ndiyo" na jina la kaka yangu aliyekwisha kutangulia. Mimi ni fundi cherehani. Mashine niliihamishia chumbani kwake, nikawa nashona huku namsikiliza anavyopumua.

Parokia haikututupa, hilo nalisema kwanza. Padre alileta Komunyo kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi. Kina mama wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, walileta sukari, unga na sabuni. Jumuiya ilisali kwetu mara nyingi kuliko nyumba nyingine yoyote ya mtaa. Lakini niwaeleze siku yenyewe inavyokuwa ukiwa upande wa ndani. Jumapili wanakuja watu 11. Usiku wa kuamkia hapo nimeamka mara 5, kumgeuza, kumbadilisha, kumnywesha maji kwa kijiko. Asubuhi nimefua mashuka, nimemwogesha, nimepika uji. Sasa nakimbia kwa jirani kuazima viti na kuchemsha chai, maana mgeni ni baraka na huwezi kumwacha mdomo mkavu. Wanasali, wanaimba, wanamshika mama mkono, mama analia kwa furaha. Kisha mwenyekiti ananigeukia: "Mungu akutie nguvu, binti, thawabu yako ni kubwa." Wanaondoka. Nabaki na vikombe 11 na mama aliyejisaidia wakati wa wimbo wa mwisho akaona haya kuonyesha.

Siwalaumu. Na mimi nilikuwa nakwenda hivyohivyo kwa wengine kabla ya yangu kunifika.

Siku moja akaja mama mmoja wa jumuiya ya jirani, peke yake, siku ya kazi, saa 8 mchana. Hakukaa. Alivua kandambili, akajifunga kanga juu ya gauni, akaniuliza mambo matatu: anageuzwa saa ngapi, anakunywaje, akitaka haja anaonyeshaje. Halafu akasema, "Haya mwanangu, nenda kalale. Mimi nipo mpaka saa 10." Nikamwambia sijachoka. Akanitazama tu. Nikaenda kujilaza chumba cha pili, viatu miguuni. Nilipoamka ilikuwa saa 10 na nusu. Alikuwa amekaa kimya na rozari yake, mama amelala ubavu wa kushoto, shuka limenyooshwa. Nililia sana siku ile. Yule mama alirudi kila Jumanne hadi mama yangu alipofariki.

Tulipomaliza arobaini nikaenda kwa mwenyekiti wetu, nikamsimulia. Tukaanza zamu. Tupo 9, wanawake 7 na wanaume 2. Tunakwenda wawili wawili, tunakaa muda wa saa mbili, siku ileile, wakati uleule. Tuna nyumba 4 tu. Ya 5 tumeomba isubiri mpaka tupate watu, kwa sababu mtu anayeuguza akishaanza kuihesabu siku yako, ukiikosa unamwangusha vibaya kuliko yule ambaye hakuwahi kuja. Swali letu la kwanza mlangoni tunamuuliza yeye: umelala?

Sasa nauliza wenzangu. Kwenye vikundi vyenu, huyu anayeuguza mnamfanyia nini?

Mkulima wa Njombe

Nimesoma nikaweka simu chini kwanza.

Mke wangu alimuuguza baba yangu mwaka mzima. Baba yangu, si wake. Na wageni walipokuja, aliyepewa pole ni mimi.

Abuu wa Tanga

Assalaam alaykum, dada, na wote humu.

Kwetu kumzuru mgonjwa ni haki, si hisani. Mtume (s.a.w.) alizitaja haki za Muislamu juu ya mwenzake kuwa tano: kuitikia salamu, kumtembelea mgonjwa, kufuata jeneza, kuitikia mwaliko, na kumwombea dua anayepiga chafya. Na iko Hadithi Qudsi ambayo kila nikiisoma natetemeka, Mwenyezi Mungu atamwambia mja siku ya Kiyama: niliumwa, hukunitembelea. Mja atauliza vipi, na Wewe ni Mola wa viumbe vyote? Ataambiwa: mja wangu fulani aliumwa, lau ungemtembelea ungenikuta kwake.

Adabu tuliyofundishwa ni kutokaa sana. Unamwombea, unamwambia "laa ba'sa, twahuurun insha Allah", unaondoka usije ukamchosha. Ndiyo maana jambo lako limenifikirisha. Ziara ni fupi kwa ajili ya mgonjwa, na ni sawa. Lakini msaada kwa anayeuguza lazima uwe mrefu, kwa hiyo ni kazi nyingine kabisa na inahitaji watu wengine.

Msikitini kwetu tulianza na kitu kidogo. Kulikuwa na bwana mmoja anamuuguza baba yake, akawa haonekani swala ya Ijumaa. Kisheria anayo ruhusa, anayemhudumia mgonjwa asiye na mtu mwingine ana udhuru. Lakini alikuwa anaumia. Kijana mmoja aliyekuwa na udhuru wa safari siku hiyo akajitolea kukaa na mzee ili yeye aende. Tukaona hii ni njia. Sasa kuna kijana anakwenda mapema, mzee anaogeshwa na kubadilishwa kabla ya saa 6, kisha jirani mwanamke, ambaye swala ya Ijumaa si wajibu kwake, anakaa na mzee mpaka mwanawe arudi.

Jingine, ndugu zangu, ni Ramadhani. Tusipeleke mchele mbichi na tambi mbichi kwenye nyumba yenye mgonjwa. Aliyefunga na huku anauguza, ukimpa mchele umempa kazi. Mpelekee futari iliyoiva ndani ya hotipoti, na kesho yake ufuate hotipoti yako mwenyewe, asihangaike kuirudisha.

Na stara. Mwanamume aogeshwe na mwanamume, mwanamke na mwanamke, na kanga isitoke mwilini, unaosha sehemu kwa sehemu chini yake. Mgonjwa hata kama hasemi, haya anayo.

Mzee wa Kazi

Uzi mzuri, ila niseme ninavyoona. Nyumba hizi hazina hela ya pampasi za watu wazima, hazina hela ya bajaji kwenda kliniki. Mtu akilala saa mbili, akiamka njaa ipo palepale. Kanisa lenye watu na sadaka kila Jumapili lingeanza na hapo. Usingizi baadaye.

Binti wa Mbagala

Mzee wangu, shikamoo. Unachosema ni kweli, na tumeshapita kwenye nyumba ambayo tatizo la kwanza lilikuwa unga. Hapo tunaenda Karitasi, ofisi ya misaada ya parokia, hatujifanyi kumaliza wenyewe.

Ila nikuambie kilichotokea nyumba mojawapo. Dada anayeuguza alikuwa anauza vitumbua kabla baba yake hajaanguka. Mtaji wake uliisha kwa kukaa ndani. Tulipoanza kuja Jumanne na Ijumaa, hakulala. Alikwenda sokoni. Mwanzo nilivunjika moyo kidogo, nilitaka apumzike. Kumbe saa zile ndizo zilizorudisha biashara, sasa anakaanga asubuhi siku hizo mbili. Nikajifunza kutompangia mtu saa zake. Wengine wanalala, wengine wanakwenda kliniki yao wenyewe maana presha imeshawapanda, na mmoja alikwenda tu kukaa ufukweni Kigamboni akarudi.

Nimelelewa kwenye Legio ya Maria, hii ya Kanisa Katoliki iliyoanzia Dublin mwaka 1921, si lile dhehebu la Legio Maria la kule Nyanza, watu huchanganya. Kanuni yetu huko ni kwenda wawili wawili na kutogawa misaada ya vitu. Nilipokuwa msichana niliona ni ugumu wa moyo. Sasa naona faida yake, ukienda bila mfuko mkononi unalazimika kujitoa mwenyewe. Lakini Wavinsenti, chama kingine cha Kanisa, wao wanapeleka vitu, na hilo nalo ni jema. Vyote vinahitajika.

Sista Mstaafu (muuguzi, si mtawa)

Nimefanya kazi wodini miaka 31, nusu yake hospitali ya kanisa Kanda ya Ziwa. Naomba niwe mrefu kidogo, maana moyo wa kujitolea bila maarifa unaweza kuumiza.

Kabla hujamwambia mwenye mgonjwa akalale, jifunze kwake. Yeye ndiye mtaalamu wa mgonjwa wake. Kaa naye zamu ya kwanza nzima ukitazama tu.

Kugeuza. Asiyejigeuza mwenyewe ageuzwe kila baada ya saa mbili. Usimburute, ngozi inachubuka kwenye shuka. Wawili mshike shuka lililo chini yake mmwinue nalo, ndiyo faida nyingine ya kwenda wawili. Mto kati ya magoti, kanga iliyokunjwa chini ya miguu ili visigino visiguse godoro. Kila ukimgeuza tazama kitako, nyonga, visigino, mabega, masikio, kisogo. Vitabu vingi vinasema tafuta wekundu, lakini ngozi yetu nyeusi haionyeshi wekundu vizuri. Tafuta doa lililoiva zaidi ya pembeni yake, pashike kwa mgongo wa mkono, kama ni pa moto au pagumu, hapo kidonda kinaanza. Na tafadhali pasisuguliwe wala kuchuliwa mafuta kwa nguvu. Watu wanafanya hivyo kwa upendo, wanamalizia kupachubua. Mwondolee uzito mahali hapo, basi.

Kulisha. Mwenye kiharusi akalishwe wima, kidevu kiinamie kidogo, kijiko kidogo, ameze kwanza ndipo kingine. Asilazwe kwa nusu saa baada ya kula. Akikohoa kila akinywa maji, mara nyingi uji mzito unamfaa kuliko maji, na mwambieni daktari, chakula kinaweza kuwa kinapita njia ya hewa.

Maumivu. Hapa nasisitiza. Mgonjwa wa saratani hatakiwi kupiga kelele usiku kucha mkadhani ndiyo msalaba wake. Kuna tiba shufaa, yaani huduma ya kumpunguzia mgonjwa maumivu na mateso, na kuna mofini ya maji ya kunywa, dawa kali ya maumivu. Inatolewa kwa saa, kila baada ya saa 4, bila kusubiri maumivu yarudi. Nimekutana na familia zilizomwaga chupa kwa kuogopa kwamba mgonjwa atakuwa teja, au kwamba mofini ndiyo dawa ya kumuua. Si hivyo. Ikitolewa kwa kipimo cha daktari inamrudishia mtu usingizi na maneno. Inafunga choo, kwa hiyo ulizeni mapema dawa ya kulainisha. Kujitolea kwako kusiwe kumpa dozi kwa kukisia. Iandikwe kwenye daftari, saa na kiasi, na aliyempa aweke sahihi.

Kidonda kinachonuka ndicho kinachofukuza wageni, na kinachomfanya mgonjwa aombe kufa. Muulizeni mhudumu wa afya kuhusu unga wa metronidazo unaonyunyizwa juu ya kidonda, harufu inapungua sana. Glavu vaeni, lakini usizivae kumshika mkono tu. Anajua tofauti.

Kijana wa Kwaya

Shikamoo mama. Asante kwa somo. Mimi nina miaka 24, natamani kuanza, lakini kuna swali linanitisha nitalisema wazi. Mwenye mgonjwa amelala chumba cha pili kwa sababu mimi nimemwambia alale. Mgonjwa akifa nikiwa naye?

Mama Mkongwe wa Temeke

Mwanangu, hilo limenikuta, kwa hiyo ngoja nikujibu mimi.

Nilianza huduma hii miaka ya 90. Wakati ule ni ukimwi. PASADA, huduma ya Jimbo Kuu la Dar es Salaam kwa wenye ukimwi, ilianza mwaka 1992, na parokia zikawa na watu wa kuwafuata wagonjwa vitandani. Dawa za kurefusha maisha zilikuwa hazijafika kwetu, zilianza kutolewa bure mwaka 2004. Tulichokuwa nacho ni sabuni, uji, maji yenye chumvi na sukari, panadoli na mikono. Nyumba nyingine ndugu walikuwa wanampitishia mgonjwa sahani kwa mlango. Anayeuguza mara nyingi alikuwa bibi, au mtoto wa miaka 12 aliyeacha shule.

Alikuwepo binti mmoja anamuuguza dada yake. Nilifika saa 7 mchana, nikamwambia jipumzishe. Yapata saa 9, mgonjwa akabadilika pumzi. Inavuta, inasimama, inavuta. Nilikuwa nimeshaona wengi, nikajua. Sasa nimwamshe au nimwache? Nikakumbuka nilishamuuliza siku ya kwanza: likitokea la kutokea, uamshwe? Akaniambia, "Niamshe hata kama nimelala dakika moja." Nikamwamsha. Alikuja akamshika kichwa. Haikupita robo saa.

Baadaye mjomba akaja na maneno. Kwamba nimempa nini, kwamba kwa nini yule mtoto alikuwa amelala. Mambo ya kulogana yakatajwa. Nilinyamaza, nilimwosha marehemu pamoja na kina mama wengine. Aliyenitetea ni yule binti mwenyewe. Alisimama mbele ya wazee, akasema miezi 7 hakuna aliyeuliza amelala wapi, leo ndiyo mnauliza kwa nini alilala? Ukumbi ulikaa kimya.

Kwa hiyo, kijana, uliza mapema. Uliza siku ya kwanza, mbele ya watu wawili wa familia, aamshwe au la, nani apigiwe simu kwanza, padre au mchungaji au sheikhe aitwe au la. Usiende peke yako. Na usiogope kuliuliza, wao wenyewe wanalifikiria kila usiku, hawana wa kumwambia.

Nina jambo moja la kuongeza. Dawa zilipokuja, watu walinyanyuka vitandani. Nimewaona kwa macho yangu, mtu niliyekuwa nimemwandalia sanda anauza mitumba Tandika. Tulimshukuru Mungu, na vile vikundi vyetu vikafa polepole kwa sababu kazi ilionekana imekwisha. Haikuisha. Waliolala sasa ni wa kiharusi, wa saratani, waliokatwa miguu kwa sukari, na wazee tu waliochoka. Hawa hawana kikundi chao. Binti, ulichokianzisha Mbagala tulikuwa nacho, tukakiacha kidondoke.

Musoke wa Kampala

Habari kutoka Uganda. Kiswahili changu si kizuri sana, mnivumilie.

Kuhusu mofini ambayo Sista ameandika: hapa Hospice Africa Uganda ilianza mwaka 1993, na mwanzilishi ni Dk. Anne Merriman, daktari aliyewahi kuwa mtawa. Dawa ni unga wa mofini unachanganywa na maji, na rangi inaonyesha nguvu yake. Tangu mwaka 2004 sheria yetu inaruhusu muuguzi au tabibu aliyesomea tiba shufaa kuiandika, si daktari peke yake. Hiyo ilifanya dawa ifike kijijini.

Lakini muuguzi hawezi kuwa kila nyumba. Kwa hiyo kuna wajitoleaji wa kijijini, wengi wametoka makanisani na misikitini, wanakwenda na baiskeli. Mama yangu ni mmoja wao. Yeye hupenda sana ile habari ya Kutoka 17, Musa amechoka mikono vitani, Haruni na Huri wakamletea jiwe akae, wakamshika mikono huku na huku mpaka jua likachwa. Mama anasema watu wanahubiri juu ya mikono, hawahubiri juu ya lile jiwe. Walimkalisha kwanza.

Shangazi wa Minnesota

Mimi nalea wazee wa watu huku Marekani, kazi ya kuogesha, kulisha, kugeuza. Huku mgonjwa aliyeko kwenye huduma ya hospisi, yaani ya walio karibu na mwisho wa maisha, chini ya bima ya wazee anaweza kuchukuliwa hadi siku 5 mfululizo akatunzwe kwenye kituo, ili tu ndugu anayemuuguza apumzike. Imeandikwa kabisa kuwa ni haki.

Nimesoma uzi huu nikampigia dada yangu Bukoba. Ndiye aliye na mama. Natuma hela kila mwezi, sijawahi kukosa, na kila nikipiga swali langu ni "mama ameamkaje?" Leo nimemuuliza, wewe umelala? Alinyamaza muda mrefu hadi nikadhani simu imekatika. Halafu akasema, "Dada, naumwa mgongo tangu Pasaka."

Kuna yeyote humu aliye upande wa Bukoba, wa kikundi chochote, dini yoyote? Naomba mniandikie pembeni.

Mwana Diakonia

Dada wa Minnesota, nimekuandikia. Mke wangu ni mwenyeji wa kule, ndugu zake wako kwenye kikundi cha udiakonia, huduma kwa wenye shida, cha KKKT, Kanisa la Kilutheri, watamfikia dada yako. Kama nyumbani kwenu ni Wakatoliki hakuna shida, huwa hawaulizi.

Kwetu Arusha, hospitali ya Selian ina timu ya tiba shufaa inayowafuata wagonjwa vijijini, na wajitoleaji wa sharikani ndio macho yao. Tulichokosea sisi miaka ya mwanzo ni picha. Kila tulipokwenda tulipiga picha ya kupeleka kwenye ripoti, na mzee mmoja akamwambia mchungaji, "Nipigeni picha nikishakufa, sasa hivi nina haya." Tuliacha siku hiyohiyo. Ripoti zetu sasa zina tarehe, saa, na nani alikuwepo.

Baba Wawili wa Tabata

Sijawahi kuandika humu, huwa nasoma tu.

Mke wangu ana saratani ya mlango wa kizazi. Tulitoka Kigoma kuja hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, amemaliza mionzi, tumepanga chumba Tabata ili tuwe karibu na kliniki. Watoto wawili, mmoja darasa la 3, mmoja bado. Ndugu wako Kigoma. Mwanamume ukiuguza, watu wanadhani kuna mwanamke mahali fulani ndani ya nyumba anafanya. Hakuna. Naosha mimi. Wakati mwingine kuna damu na natakiwa kufua kabla watoto hawajaamka.

Kwenye jumuiya ya hapa sijajiandikisha, kwa sababu sikudhani tutakaa. Niliona haya kwenda kuomba kitu kwa watu ambao sijasali nao. Nauliza, mtu asiye mwenyeji anaanzia wapi?

Mama Mkongwe wa Temeke

Baba, usione haya hata kidogo. Anzia kwa balozi wa shina au jirani yeyote anayekwenda kusali, mwambie unataka kumwona mwenyekiti wa jumuiya. Sema maneno mawili tu, nina mgonjwa na niko peke yangu. Barua ya utambulisho itafuata, mgonjwa hasubiri barua. Na useme wazi unataka kina mama kwa ajili ya kumwogesha mkeo, na mwanamume mmoja wa kukaa na wewe. Hilo la pili usiliache.

Binti wa Mbagala

Baba, nimekutumia ujumbe. Mmoja wa wale wanaume wawili wa kikundi chetu ana dada yake anayesali Tabata.

Wengine mlioomba nakala ya daftari letu: ni daftari la kawaida la kurasa 96, tumelichora mistari kwa mkono. Saa, amegeuzwa upande gani, amekula nini, dawa gani nani kampa, ngozi ikoje. Ukurasa wa mwisho unahusu anayeuguza. Amelala saa ngapi wiki hii, ana maumivu gani, kuna safari yoyote ameahirisha. Linabaki nyumbani kwa mgonjwa, halitoki. Siri za nyumba hatuzibebi mtaani, na aliyewahi kuzibeba tulimwomba apumzike.

Kijana wa Kwaya

Nimezungumza na wenzangu wa sauti ya nne. Tumepatikana 3. Sista Mstaafu, tunaweza kukuomba Jumamosi moja utufundishe kugeuza? Tutaleta shuka na mmoja wetu atalala awe mgonjwa.

Sista Mstaafu

Njooni wanangu. Mleteni yule mzito kuliko wote.

Baba Wawili wa Tabata

Narudi kuwapa mrejesho, zimepita wiki tatu.

Walikuja Alhamisi, kina mama wawili na mzee mmoja. Kina mama waliingia kwa mke wangu wakafunga mlango, nikasikia maji, kisha nikamsikia anacheka. Sikuwa nimesikia hiyo sauti tangu Kigoma. Yule mzee alikaa na mimi kwenye ngazi. Hakusema mengi. Aliniambia naye alimuuguza mkewe, mwaka 2011, na kwamba kufua usiku anakujua.

Alhamisi iliyofuata nililala. Ya jana pia. Mtoto mdogo alilala na mimi.

Wiki ijayo wanakuja tena saa 8. Nimepanga kwenda kunyoa nywele, halafu nipitie shuleni kwa huyu wa darasa la 3. Mwalimu wake ananiita tangu Februari.